Chumbe: wavuvi walipogeuka walinzi wa kisiwa

Kisiwa cha Chumbe kiko kusini mwa mji wa Zanzibar. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilikataza uvuvi kwenye mwamba wake wa matumbawe. Wavuvi wa vijiji vya jirani hawakufukuzwa tu: baadhi yao waliajiriwa kuwa walinzi. Hawabebi bunduki, wanawaelimisha wenzao.

Watalii hulala katika nyumba saba zinazotumia maji ya mvua na umeme wa jua. Pesa yao hulipa walinzi na ziara za wanafunzi.

Kwetu Kalemie na Niemba, wenyeji na waliohama makwao hula samaki wa Ziwa Tanganyika. Chumbe inafundisha hivi: ukifunga maji, mfungulie mvuvi kazi.