Kwa nini mufugaji wa maziwa anaondoa ngombe katika kundi lake

Hapa kwetu Kivu, ngombe si maziwa tu. Ni akiba ya familia, ni mahari, ni heshima. Ndiyo maana mufugaji wa Masisi akiuza ngombe wake wa maziwa, majirani wanaulizana: huyu iko na shida gani? Ni swali la haki, juu shida ya ngombe mumoja inaweza kuhamia katika kundi la mununuzi.

Sababu ya kwanza ni uzazi. Bila kuzaa hakuna maziwa. Ngombe anabeba mimba miezi 9 na siku chache, na mufugaji anatamani azae karibu kila mwaka. Akipelekwa kwa dume mara tatu ao ine bila kushika mimba, anakula majani ya bure.

Ya pili ni kiwele. Kikivimba, kikiwa na moto, na maziwa yakitoka na mabonge, huo ni ugonjwa wa kiwele. Dawa inaweza kuponyesha. Lakini kama unarudia-rudia, chuchu inaweza kukauka kabisa, na ngombe mwenyewe anaweza kuambukiza wengine wakati wa kukamua.

Ya tatu ni miguu na uzee. Ngombe anayechechemea katika matope ya vilima hafiki vizuri kwenye majani, na maziwa yanapunguka. Muzee naye meno yanaisha, anakonda.

Ya ine ni hesabu. Tuseme mumoja anatoa litre 8 kwa siku, mwingine 2, na wote wanakula shamba moja. Mufugaji mwenye akili anamuondoa huyo wa pili, anabakisha ndama wa kike wa yule wa kwanza.

Kuna pia kuondoa kwa kulazimishwa: mugonjwa katika nyumba, franga za masomo, ao vita. Vita inapokaribia, mutu anauza haraka kwa bei ya chini kuliko kupoteza yote. Hapo mara nyingi ni ngombe muzuri ndiye anayetangulia, sababu ndiye anayepata mununuzi mbio. Kundi linabaki na wazaifu.

Sasa tufike kwenye hatari. Ngombe akitupa mimba, hasa katika miezi ya mwisho, inawezekana iko na bruselozi. Ugonjwa huu unapita kwa watu kupitia maziwa yasiyochemshwa, na kwa mikono inayogusa mimba iliyotoka. Mutu anapata homa inayorudi-rudi na maumivu ya viungo, na anaweza kuzani ni malaria. Ngombe wa namna hiyo hatibiwi, anaondolewa. Kumuuzia jirani kama wa maziwa si kumuondoa, ni kuhamisha ugonjwa. Muite veterineri apime damu kwanza, na yeye ndiye aseme kama anaenda kuchinjwa na kwa namna gani.

Tena, ngombe aliyepigwa sindano hivi karibuni asipelekwe machinjioni mbele ya siku ambazo dawa inaomba kungojea kuisha.

Mununuzi naye aulize maneno matatu: alizaa mara ya mwisho lini? Aliisha kutupa mimba? Chuchu zote ine zinatoa? Halafu akamue mwenyewe, aone. Na maziwa ya nyumbani, tuyachemshe kila siku.