Kituo cha Kazi, si Saraka ya Sasa

Katika orodha ya istilahi inayozungushwa hivi sasa, kamati iliyoiandaa imeandika kwamba chaguo la -C, katika programu kama git na tar, huendesha amri "kwenye saraka isiyo ya sasa". Mswahili akisoma "isiyo ya sasa" ataelewa saraka ya zamani, iliyopitwa na wakati. Lakini suala hapa ni mahali: amri imesimama wapi?

Istilahi ninayoitetea kwa saraka ambamo amri inafanyia kazi ni kituo cha kazi. Asili yake ni kitenzi tua. Mpagazi hutua mzigo, ndege hutua, jua hutua. Humohumo mmetoka kutulia na kutuama. Katika ushairi, kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti. Katika uakifishaji ni jina jingine la nukta, na Unix huiandika saraka hiyohiyo kwa nukta moja! Hoja hii wapinzani wangu hawajaigusa. Wanachorudia ni kwamba kituo cha kazi tayari ni kompyuta ya ofisini. Mtumishi wa umma wa Tanzania haelewi hivyo. Yeye hupangiwa kituo cha kazi, na akitumwa kwingine hulipwa posho kwa kuwa yuko nje ya kituo. Kituo chake hakijabadilika.

Ndivyo -C ilivyo. Ukiandika git -C /srv/tovuti status, mchakato wa git ndio unaokwenda /srv/tovuti. Wewe unabaki ulipo, kwa sababu kila mchakato una kituo chake. Dennis Ritchie, mmoja wa waundaji wa Unix, ameeleza kwamba Unix ilipoanza kuzalisha mchakato mpya kwa kila amri, chdir, amri ya kubadili saraka, iliacha kufanya kazi: mchakato mwana ulihama, ukafa, na mzazi akabaki palepale. Ikabidi programu inayopokea amri ihame yenyewe. Neno "sasa" linaeleza nini katika kisa hicho? Waliolichagua wametafsiri neno la Kiingereza bila kutazama kazi ya kitu chenyewe, na hilo linaniudhi.

Kwa matumizi: make, git na tar zote hutumia C kubwa; c ndogo ina kazi nyingine katika git na tar. Katika tar, tanguliza -C kabla ya majina ya faili.

Napendekeza -C iitwe chaguo la nje ya kituo, na orodha irekebishwe kabla ya kuchapishwa.