Nyumba Bila Ardhi: Habari za Makao ya Waafrika Katika Mji wa Nairobi

Katika taarifa hii twaandika habari za makao ya Waafrika mjini Nairobi, maana vijana wengi hudhani kwamba msongamano wa upande wa mashariki ulitokea wenyewe. Haukutokea wenyewe.

Mji ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya aliyeletwa na Serikali, alishauri watu wa kila rangi wakae sehemu yao, akitaja hofu ya maradhi. Wazungu wakashika miinuko ya magharibi, Wahindi wakakaa Ngara na Parklands, Waafrika wakaachiwa tambarare ya mashariki. Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza iliacha shauri la kuwatenga Wahindi na Wazungu mijini kwa sheria, lakini masharti yaliyoandikwa katika hati za viwanja yalifanya kazi ile ile kimyakimya.

Na Mwafrika je? Kwa hesabu ya wakubwa alikuwa mpita njia, mwanamume asiye na mke wala watoto. Mshahara wake ulipimwa kwa tumbo moja, na malazi yake kwa kitanda kimoja. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo kamati ya Carpenter iliposhauri kwamba mshahara umtazame mtu pamoja na jamaa yake.

Lakini walikuwako waliojenga. Huko Pangani Waafrika walisimamisha nyumba za fito na udongo, wakapangisha vyumba. Na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, waliopata mali hiyo kwa jasho lao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Baraza la Mji lilifungua Pumwani ili kuwakusanya Waafrika mahali pamoja. Mtu alijenga kwa gharama yake, akalipa ada ya kiwanja, na ardhi ikabaki ya Baraza. Pangani ilibomolewa, na kufikia mwaka 1939 ilikuwa imekwisha. Wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Jina hilo, kwa maoni yetu, lasema zaidi ya taarifa nyingi za Baraza.

Mwenye hati huwarithisha watoto kiwanja. Mwenye kuta tu huwarithisha miti na udongo, navyo huanguka siku atakapo mwenye ardhi.

Kibera nako ndivyo. Askari Wanubi walipewa makao huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, katika eneo lililozidi ekari 4,000, pasipo hati. Wajukuu wao walikabidhiwa hati mwaka 2017. Ilikuwa ya ekari 288.