Nyasi Chini, Udongo Juu

Ndugu msikilizaji, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Nyuma ya nyumba yangu hapa Songea pana kipande cha ardhi kinachoteremka kuelekea bondeni. Nilitaka bustani ya mboga. Nikawaita vijana wawili wenye majembe, nikawaagiza waukate mteremko, wausawazishe kama ngazi, kisha wainue matuta ya kabichi. Kazi ilipendeza macho. Lakini udongo mweusi wa juu ulikwisha kufukiwa, na ule mwekundu wa chini ndio uliopokea miche. Kabichi zikadumaa, zikageuka rangi ya njano. Mvua ya Januari ikamalizia: asubuhi moja nilikuta nusu ya tuta iko bondeni.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa Umatengo, alikuja kutazama. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Nani alikwambia uanze na jembe? Kwetu tunaanza na nyasi."

Maneno hayo, msikilizaji, yana historia ndefu. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nchi hii wakitokea kusini mwa Afrika, wakajenga dola zao za Mshope na Njelu. Wamatengo, waliosukumwa na vita hivyo, walijibana katika milima ambayo leo iko Wilaya ya Mbinga, magharibi mwa Songea. Watu wengi, ardhi finyu, miteremko mikali. Mahali kama hapo udongo ukishuka mara moja, haurudi. Ndipo kilimo cha ngoro kikawa uhai wao.

Ngoro ni shimo. Mwishoni mwa masika, yapata mwezi Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa mistari inayokatana, hata shamba lote likawa miraba kama wavu wa mvuvi. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi. Nyasi zinabaki chini, udongo unakaa juu, na katikati panabaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na mvua za mwishoni mwa mwaka zikianza hupandwa mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Yanaingia shimoni, yanatulia, yanazama taratibu. Udongo uliomomonyoka unanaswa humo humo. Magugu ya palizi hutupwa shimoni yakaoza. Kwa hiyo shimo ni bwawa, na tena ni jaa la mbolea.

Sasa linganisheni na yaliyotokea Uluguru, mkoani Morogoro. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliingiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1946 ilianzisha mpango wake huko Mlalo, Usambara, na mwaka 1950 ikaanza mwingine Uluguru. Waluguru waliamriwa kwa sheria ndogo kuchimba makinga maji ya ngazi milimani, na aliyekaidi alitozwa faini. Nia ya kuokoa udongo haikuwa mbaya. Lakini katika sehemu nyingi ngazi zile zilifukua udongo wa chini usio na rutuba, na mkulima akavuna jasho tupu. Mwaka 1955 watu walichoka. Ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, damu ikamwagika. Mpango ukafa mwaka huo huo.

Nilipolitafakari hilo nilicheka kwa uchungu. Mimi, mtoto wa nchi huru, nilikuwa nimejitungia Uluguru yangu nyuma ya nyumba: nimekata ngazi, nimefukua udongo mwekundu, wala sikumwuliza aliyeujua mteremko kabla yangu.

Lakini tusiwasifu wazee kwa maneno matamu tu. Ngoro ni kazi nzito, na sehemu kubwa ya uzito huo imekuwa mgongoni mwa akina mama. Kahawa, iliyoingia milima ile katika miaka ya 1920, ilileta fedha na pia ilidai mikono na ardhi. Kijana anayekwenda mjini haachi nyuma mtu wa kuchimba shimo badala yake. Tukitaka ngoro ziishi, haitoshi kuwaambia akina mama waendelee kuinama huku sisi wanaume tukisimulia sifa zake redioni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi wanaume ni watakaji.

Machi iliyofuata niliinama. Nilifyeka nyasi mwenyewe, nikazipanga kwa miraba, na jembe nikalishika mimi, mama yule amekaa kivulini akinisahihisha. Mashimo yangu yalikwenda upande, naye hakuficha kicheko. Nikapanda maharage. Mvua kubwa ya Aprili ilipopita nilitoka na tochi usiku ule ule, moyo ukinidunda. Kila shimo lilikuwa limejaa maji, yametulia. Bondeni hapakuwa na tope langu.

Basi wewe unayetaka kutayarisha bustani mpya, kabla hujalishika jembe, itazame ardhi inaelekea wapi, kisha mwulize aliyeilima kabla yako. Nakutakia kilimo chema, hadi juma lijalo.