Safari ya Gharama Nafuu kutoka Zombe hadi Mombasa

Safari ya gharama nafuu ya Mombasa ni matembezi ya mtu mwenye kipato kidogo katika jiji kuu la pwani ya Kenya, akitegemea usafiri wa umma, chakula cha barabarani na maeneo yasiyotoza kiingilio. Kwa wakazi wa Zombe, mji mdogo ulio mashariki ya Kitui, njia ya kawaida hupitia mji wa Kitui, kisha Mutomo hadi Kibwezi, kaunti ya Makueni, ambako msafiri hupanda basi la barabara kuu ya Mombasa au treni ya kaunti, yaani ile isimamayo vituo vya kati, katika reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017. Uhusiano wa Kitui na pwani si mpya, kwani katika karne ya 19 misafara ya Wakamba, wenyeji wa Kitui, ilipeleka pembe za ndovu pwani.

Mjini Mombasa, Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 walipokuwa chini ya mfalme wa Uhispania, hutoza kiingilio. Vichochoro vya Mji wa Kale, vyenye milango ya nakshi na vibaraza vya mawe, havitozi. Kivuko cha Likoni pia huwavusha bure waendao kwa miguu. Jioni huuzwa viazi karai, yaani viazi vilivyochovywa katika unga uliokorogwa na kukaangwa, pamoja na mhogo wa kuchoma uliopakwa ndimu na pilipili, na mlo huo, ingawa ni wa bei ndogo, ndio unaoonyesha mapishi ya Waswahili vizuri zaidi kuliko mikahawa ya watalii. Kwa anayelala huko, vyumba hupanda bei Desemba.