Fundi stadi na stadi iliyokatika

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa maana ya neno ‘stadi’, atajibu bila kusita kwamba ni mtu mahiri, au umahiri wenyewe, kama tusemavyo stadi za kusoma na kuandika. Neno hilo asili yake ni Kiajemi, nalo ni ndugu wa ‘ustadi’ na ‘ustadhi’. Lakini mwulize swali lilo hilo fundi wa magari mjini Kitui, au kule Wote, Makueni. Atakuonyesha kipande cha chuma chenye nyuzi, kisicho na kichwa, ambacho upande mmoja kimeshikizwa kwenye gari na upande wa pili hufungwa nati. Stadi hii ya pili tumeitoa kwa Mwingereza. Maneno haya mawili hayana udugu wowote, ila katika gereji hukutana kila siku: stadi ikikatika, hutafutwa fundi stadi.

Leo nataka tuitazame kazi hiyo ndogo, yaani kutengeneza stadi zinazoshikilia rejeta ya gari kuukuu, kwa sababu ndani yake mna historia ya lugha yetu isiyofundishwa darasani.

Tuanze na shaba. Rejeta za magari ya zamani zilitengenezwa kwa shaba, na shaba si ngeni Ukambani. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, akawa mgeni wa Kivoi, alikuta watu ambao misafara yao ilipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na waya za shaba. Lindblom, msomi wa Kiswidi aliyefanya utafiti Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika kwa kirefu juu ya wahunzi na mafundi wa mikufu waliozifanyia kazi waya hizo. Kwa hiyo gari la kwanza lilipoharibikia huko, mikono iliyozoea chuma na shaba ilikuwapo tayari.

Kisha likaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia 1898 njia ilikuwa imeingia katika nchi tunayoiita Makueni leo. Mji wa Sultan Hamud unabeba jina la Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, tangu enzi hizo. Pale Makindu lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ukumbusho wa mafundi wa Kihindi waliohudumia reli hiyo. Neno ‘gari’ lenyewe tulilipata kutoka Bara Hindi.

Sasa turudi kwenye rejeta. Stadi hukatika kwa nini? Maji yakivuja huleta kutu, kutu huishika nati, na barabara mbovu hutikisa kila kitu. Siku ya kufungua, spana inazunguka, nati inakataa, stadi inajikata. Fundi mwenye haraka hukimbilia mashine ya kuchomelea. Fundi mmoja mzee wa Wote aliwahi kuniambia, “Mwalimu, hii ukiitia weldi umeimaliza.” Alikuwa na sababu. Viungo vya rejeta hizo vimeshikanishwa kwa lihamu ya risasi na bati, ambayo huyeyuka kabla ya kufika digrii 300, ilhali shaba yenyewe huhitaji zaidi ya 900. Moto wa weldi huziba tundu moja na kufungua kumi.

Mwenye subira huanza kwa kulowesha kisiki cha stadi kwa mafuta mepesi na kukiacha kilale usiku kucha. Kikiwa kimechomoza, hukichonga bapa mbili kwa tupa ili spana ipate mahali pa kushika. Kikiwa kimekatikia ndani, hukisawazisha, hutia alama katikati, kisha hukitoboa kwa keekee, akianza na tundu jembamba, halafu hukata nyuzi mpya. Na ikiwa stadi ilishikizwa kwa lihamu, huilegeza kwa moto mdogo, huingiza bolti ambayo kichwa chake kimepunguzwa kwa tupa, hulehemu upya, huku viungo vya jirani amevifunika matambara mabichi visije vikaachia.

Hesabu maneno hayo, msomaji. Lihamu na kulehemu ni Kiarabu. Spana, nati na bolti ni Kiingereza. Na kama fundi angeondoa parafujo badala ya nati, angekuwa analitaja neno walilotuachia Wareno, ambao walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Wazee wa pwani nao walikuwa na ‘msumari wa hesi’. Bahari nzima ya Hindi imo katika kisanduku kimoja cha vifaa.

Hapa ndipo penye uchungu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, kijana anayejiunga na chuo cha ufundi hukabidhiwa vitabu vya Kiingereza, na fundi aliyemlea kazini hana andiko hata moja linaloyahifadhi anayoyajua. Sisi wa vyuo vikuu tumetumia miaka mingi kubuni istilahi ofisini na kuwapelekea watu, badala ya kwenda kuziokota walikozimwaga. Wakati huohuo rejeta za siku hizi ni za alumini na plastiki, hazitengenezwi kwa lihamu, zikipasuka hutupwa. Kazi ikifa, msamiati wake huzikwa nayo.

Dawa yake haihitaji kamati. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu na aende Kitui, Mwingi, Wote na Emali akiwa na daftari na kinasa sauti. Aandike kila kifaa, kila kitendo na kila hitilafu jinsi mafundi wanavyoitaja, na sababu ya kila hatua. Kamusi itakayotokana na hapo ndiyo inayofaa kuwa msingi wa kitabu cha kiada cha ufundi wa magari kwa Kiswahili. Asichelewe, kwani mafundi wanaojua kulehemu rejeta ya shaba ni wazee, na wengi wao hawana mwanagenzi.