Lile dirisha la kuomba ruhusa halikuwekwa kwa sababu yako

Wasee, kuna swali siachi kuulizwa: nazimaje ile kitu inaniuliza ruhusa kila nikifungua programu? Unabofya, skrini inaingia giza, unaulizwa kama unakubali programu hii ibadilishe mambo kwenye kompyuta yako. Wengi wanabonyeza Ndiyo bila kusoma. Wengine wanamlipa fundi aizime kabisa. Mimi nasema usizime, na sababu iko kwenye historia yake.

Rudi 2001. Windows XP inatoka, na akaunti ya kwanza unayofungua ni ya msimamizi. Msimamizi ni kama mwenye nyumba, akitaka kubomoa ukuta anabomoa. Watu wakakaa kwa hiyo akaunti miaka yote. Nao walioandika programu walikuwa wamezoea Windows 95 na 98, ambako programu haikuzuiwa kuandika faili popote, hadi ndani ya folda za mfumo wenyewe. Sasa virusi ikiingia ilirithi nguvu zile zile. Manze, watu wa Unix walikuwa wametenganisha mtumiaji na root tangu miaka ya 1970!

Januari 2002 Bill Gates akawaandikia wafanyakazi wa Microsoft kwamba usalama utangulie kuongeza vitu vipya. Miaka mitano baadaye, Januari 2007, Vista ikaingia madukani ikiwa na UAC, ndilo hilo dirisha. Hata ukiwa msimamizi, unafanya kazi kama mtu wa kawaida mpaka useme Ndiyo. Na lile giza si mapambo. Skrini hutengwa ili programu nyingine isije ikakubonyezea Ndiyo kisiri.

Watu walilichukia vibaya. Apple walitoa tangazo la kuwacheka, kompyuta ikifuatwa na baunsa anayedai ruhusa kwa kila neno.

Halafu Aprili 2008, kwenye mkutano wa RSA kule San Francisco, David Cross wa Microsoft akasema bila kupepesa macho kwamba UAC iliwekwa ili iwakere watumiaji. Ati iwakere? Eeh. Mteja akikereka, atamsumbua aliyeandika programu, na huyo atairekebisha iache kudai nguvu isizohitaji. Mimi naona huo ni uonevu, kutumia mamilioni ya watu kama kiboko cha kumchapa mtu mwingine. Lakini ulifanya kazi. Kwa hesabu za Microsoft wenyewe, programu na shughuli tofauti zilizoleta dirisha hilo zilishuka kutoka zaidi ya 775,000 Agosti 2007 hadi kama 168,000 mwaka mmoja baadaye.

Windows 7 ikaja 2009 na viwango vinne vya kuchagua, ikapunguza kelele. Kwa hivyo leo programu nyingi hufunguka bila kuuliza chochote, na ile moja inayouliza kila siku inajisema yenyewe. Mara nyingi ni ya zamani, kama ile ya stoo ya duka, bado inaandika faili zake ndani ya Program Files. Au kuna mtu aliweka tiki iwe inafunguka kama msimamizi. Bofya ikoni yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, kisha Compatibility, utoe hiyo tiki. Ikiendelea kuuliza, tafuta toleo jipya, au uiondoe uiweke upya kwenye folda yako mwenyewe kama inakubali.

Ukizima UAC, hutakuwa umerekebisha hiyo programu. Kila nyingine itakayoomba nguvu za msimamizi itapewa kimyakimya, pamoja na ile iliyoingia na flashi ya cyber. Na kama ni kicheza muziki tu kinachodai ruhusa, na dirisha ni la manjano likisema mtengenezaji hajulikani, boss, bonyeza Hapana.